Vita vya Mezani vya "Ingekuwaje": Yanayosemwa na Yalivyo

Jumamosi usiku, baada ya Isha, meza yetu ya chakula hapa Mji wa Kale hugeuka bahari: tunacheza upya vita vya zamani, tukijiuliza ingekuwaje kama mambo yangekwenda vingine. Natandika shuka ya buluu, napanga pwani kwa maboksi yaliyokatwa, kisha vijisanamu vya askari, vidogo kuliko pingili ya kidole gumba, vinashuka ufuoni. Wapita njia huchungulia dirishani, na kila achunguliaye ana lake.

"Watu wazima mnacheza midoli."
Midoli ipo, sikatai. Ila waliokuza mchezo huu ni wanajeshi. Mwaka 1824 luteni wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, aliwaonyesha wakubwa wake mchezo aliourithi kwa babake na kuuboresha: ramani, vipande vya rangi mbili, dadu na mwamuzi. Wakubwa wakaupenda, ukasambazwa vikosini.

"Ukishasema 'ingekuwaje', lolote laweza kutokea."
Kwa hili hukaa na mtu mpaka kahawa ipoe. Kanuni yetu ni moja: badili jambo moja, mengine yaache yalivyokuwa.

Chukua Tanga, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Jenerali Aitken wa Waingereza alipita kwanza hapa Mombasa kushauriana, kisha akaenda kuuvamia mji akiwa na watu wapatao 8,000. Nahodha wa manowari Fox akatangulia bandarini kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamekwisha, akawapa saa moja ya kufikiri. Baada ya hapo muda ukapotea kwa hofu ya mabomu ya baharini. Huku nyuma von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, anapakia askari wake kwenye treni kutoka Moshi. Shambulio kubwa lilipokuja tarehe 4, walikuwapo kama 1,000 wakiwangoja, na wakawashinda.

Mezani tunabadili hilo tu: Fox anyamaze, watu washuke usiku ule ule. Lakini wanaoshuka ni wale wale, waliokaa wiki kadhaa melini kutoka Bombay, wamechoka kwa kichefuchefu na wengi hawajawahi kupigana pamoja. Treni nazo zinakuja. Kila moja ina kadi yake, na dadu ndiyo inayoamua itafika zamu gani. Tumeicheza mara nne. Mji ulitekwa mara mbili. Mara mbili wakarudi melini mbio, na nahodha hakuwa amesema neno.

"Meli za Goa zingewahi, Fort Jesus ingebaki ya Wareno."
Hii ni ya wazee wa barazani, na ina utamu wake. Goa ni ngome ya Wareno kule India. Ngome ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi ikaanguka Desemba 1698. Siku chache baadaye meli za msaada zikatokea, zikaona bendera si yao, zikageuza. Basi nikawapa wazee hizo siku. Nikawaletea meli mapema.

Kilichowashangaza ni kwamba msaada ulikuwa umeshafika kabla. Mwaka 1697 ilikuja Santo António de Tanná, ikazama chini ya ngome ile ile, na vitu vilivyoopolewa humo vimo kwenye makumbusho yake leo. Kuzingirwa hakukuisha. Maradhi yalikuwa yakiua watu ndani ya kuta kuliko mizinga, kwa hiyo kila shehena ya askari tuliyoingiza mezani ilikuwa midomo mipya ya kulisha. Mzee mmoja alihesabu magunia ya mchele yaliyobaki (punje za mchele kweli, kwenye kisahani) akasema, "Sasa hawa nimewaleta waje kufa?"

"Mwamuzi akiona matokeo ya ajabu ayarekebishe."
Hapana, tena hapana. Mei 1942, katika Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliijaribu mezani safari yao ya kuvishambulia visiwa vya Midway. Dadu ikasema mabomu 9 yamepiga manowari zao za kubebea ndege. Admirali Ugaki, aliyesimamia mchezo, akayafanya 3, na Akagi, mojawapo ya manowari hizo iliyohesabiwa kuwa imezama, ikafufuka. Mwezi uliofuata Akagi ilizama baharini, na Kaga, Soryu na Hiryu pamoja nayo.

"Ni mchezo wa wenye pesa."
Meli zangu ni vizibo vya soda. Vipimo ni futi ya fundi cherehani. Dadu niliitoa kwenye ludo ya watoto, na bado wananidai.

"Wajerumani waliwatega Waingereza kwa nyuki."
Huko Tanga, wakati wa vita, makundi ya nyuki yalitibuliwa na risasi yakawashambulia watu, na uvumi wa mtego ukaenea. Nyuki wale waliuma pande zote mbili. Kwa hiyo mezani kwangu hawana jemadari: anawarushia dadu mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekatazwa kuchagua upande, na hakuna anayeogopwa chumbani kama yeye.