Mahitaji ya maji si maji unayomwaga

Siku hizi wakulima wakizungumzia ukame na kuchelewa kwa masika, Unguja au Pemba, hakosi wa kusema: mipira ya matone, ile yenye vitundu vinavyodondosha maji shinani, inapunguza mahitaji ya maji ya tungule (nyanya). Haipunguzi.

Mahitaji ya maji ya mmea ni maji yanayoondoka kuwa mvuke, kupitia majani na udongo ulio chini yake, mmea ukiwa mzima na haukukoseshwa kitu. Hupimwa kwa milimita kwa siku; milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba.

Neno lenyewe lingetutosha. Hitaji na haja ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, na haja ina mwenyewe. Mwenye kiu ukimpa maji kwa kata badala ya ndoo, kiu ni ileile. Ulichookoa ni yale ambayo yangemwagika kifuani. Kumwagilia nako kumetokana na kumwaga. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa tu, hayana mpokeaji. Ukisema mwagia, mpokeaji ameingia; mwagilia inamshikilia zaidi. Lakini kumwaga bado kumo ndani ya neno, na maji mengine hayamfikii aliyekusudiwa. Mipira inafanya kazi hapo.

Chukua siku ya kaskazi ambayo nyasi fupi zilizoshiba maji, ambazo ndizo kipimo cha kulinganishia mimea mingine, zinapoteza milimita 5. Kwa tungule zilizokwisha beba, zidisha kwa 1.15, upate 5.75. Kwa mitaro, ambako kama asilimia 60 tu hufika mizizini, utatoa milimita 9.6. Kwa matone, ukihesabu asilimia 90, ni 6.4. Mche wenye nafasi ya nusu mita mraba utautolea lita 3.2: saa 2 kwa tundu la lita 1.6 kwa saa. Mche wenyewe umekunywa kilekile.

(Miche ikiwa michanga, mipira hulowesha udongo mdogo, na mvuke wa ardhini hupungua. Majani yakishafunika tuta, tofauti hiyo karibu haipo.)

Mpunga wa bonde la Cheju, Unguja, vilevile: kuvuruga tope vizuri kunazuia maji yasizame, hakuufanyi mpunga unywe kidogo.

Aliyeamini kwamba mahitaji yamepungua hufungua mipira saa 2 zilezile, kipupwe na kaskazi. Joto likipanda, milimita 5 zikiwa 6, mche unakauka kidogo kidogo, akishtuka, anaufurikisha. Kwa kupishana huko kalisi (madini ya kalsiamu) haifiki vizuri kwenye tunda, tungule inaoza kitako, naye anakimbilia dawa ya ukungu. Au inanyesha milimita 60 mchana mmoja, anafunga maji wiki mbili, wakati udongo wa kichanga wenye mizizi ya sentimita 30 haushiki zaidi ya milimita 30 hivi.

Kwa hiyo ukiisifu mipira, nayo inastahili sifa, sema imepunguza maji ya kumwagilia.