Je, wajua kwa nini mtu wa Lubumbashi anajua maneno mengi ya nyumba kwa Kiingereza kabla hajaanza kujifunza?

Kutoka Lubumbashi, ukivuka mpaka wa Kasumbalesa tu, Kifaransa kinaishia hapo. Ng'ambo ni Zambia, nchi ya Kiingereza, na anayekwenda Kitwe au Ndola kwa biashara, masomo au kazi, kitu cha kwanza anachotafuta ni pa kulala. Ndipo maneno ya nyumba yanapohitajika haraka: chumba, kodi, ufunguo, bati linalovuja. Wengi huanza na daftari tupu, wakiamini kwamba kila neno ni geni. Lakini aliyesoma Kifaransa shuleni ana sehemu kubwa ya maneno hayo tayari, na sababu yake ni vita vilivyopiganwa Uingereza zaidi ya miaka 900 iliyopita.

Tarehe 14 Oktoba 1066, Guillaume, mtawala wa Normandie kaskazini mwa Ufaransa, alimshinda mfalme Harold wa Uingereza huko Hastings, akatwaa ufalme. Wakubwa aliokuja nao walisema Kifaransa. Kwa karibu miaka 300 lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wenye ardhi ikawa Kifaransa, huku mkulima akiendelea na Kiingereza chake. Mwaka 1362 ndipo ilipotoka sheria ya kuagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza, na hata sheria hiyo iliandikwa kwa Kifaransa!

Maneno ya nyumba yakagawanyika kati ya watu hao. Vitu ambavyo hata maskini hakosi vilibaki na majina ya zamani ya Kiingereza: "house" (nyumba), "door" (mlango), "floor" (sakafu), "roof" (paa), "bed" (kitanda). Vitu vya starehe vikachukua majina ya wakubwa: "chamber" ni "chambre", "chimney" ni "cheminée", "cushion" ni "coussin", "cellar" ni ndugu wa "cellier", na "table" haikubadilika hata herufi moja. "Mansion", jumba la tajiri, ina asili moja na "maison" yetu ya kawaida. Mambo ya sheria nayo yakafuata mkondo huo. Mpangaji ni "tenant", aliyeshika, kutoka "tenir". Kodi ni "rent", ndugu wa "rente".

Kinachonivutia zaidi ni yaliyowapata maneno ya zamani yalipokutana na wageni. Kabla ya Wanormandi, "stool" lilikuwa kiti chochote. "Chair" ilipoingia, "stool" ikashushwa cheo, ikabaki kuwa kigoda kisicho na egemeo. "Board" ilikuwa meza ya kulia chakula. "Table" ikaipokonya kazi, nayo ikabaki na maana ya chakula anachopewa mtu mahali anapolala. Ndiyo maana shule ya bweni huitwa "boarding school". Dirisha lina historia yake peke yake: "window" waliileta mabaharia wa Skandinavia kabla hata ya Guillaume, na katika lugha yao ilikuwa "vindauga", jicho la upepo.

Sisi tusishangae sana. Meza tulipewa na Wareno, dirisha tukalipata kwa Waajemi, na hapa Lubumbashi tunakaa "salon" na kununua "parcelle".

Sasa, kwa nini mtu akisema "table" kwa matamshi ya Kifaransa mbele ya mwenye nyumba wa Ndola haeleweki, ikiwa neno ni lile lile? Kwa sababu matamshi hayakusimama. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake mdomoni, na maandishi hayakuhama nazo. Hivyo "table" husomwa karibu na "teibo", na "chamber" karibu na "cheimba". Lakini hapa Mswahili ana bahati ambayo Mfaransa mwenyewe hana. Zamani za Guillaume, Wafaransa walitamka "ch" kama tunavyotamka katika "chumba". Baadaye wao wakailainisha ikawa "sh", na Waingereza wakabaki na ile ya kale. Kwa hiyo "chair", "chimney" na "chamber" zitamke kwa "ch" yako ya Kiswahili, bila kusita. Vivyo hivyo "loge" ya Kifaransa ndiyo "lodge", neno utakaloliona kwenye vibao vingi barabarani Zambia, na mwisho wake ni "j" ya Kiswahili kama katika "jiko".

Kuna na kofia. Kifaransa kikiweka kofia juu ya irabu, mara nyingi pale palikuwa na "s" iliyokufa, na Kiingereza bado kinayo. "Plâtre" ni "plaster", "hôte" ni "host", "hôpital" ni "hospital". Ukilijua hilo, unaweza kukisia neno ambalo hujawahi kufundishwa.

Undugu huo una mitego, na mingi imejaa katika habari za kupanga nyumba. Uifahamu kabla ya kusaini chochote. Kwetu "location" ni kupangisha. Kwa Kiingereza ni mahali kitu kilipo, basi ukiuliza bei ya "location" utaoneshwa mtaa. "Parcelle" ni kiwanja, lakini "parcel" katika mazungumzo ya kawaida ni kifurushi. "Cave" si ghala la chini ya nyumba bali pango la mlimani. "Cuisine" si chumba cha kupikia bali aina ya mapishi; chumba chenyewe ni "kitchen". "Store" si pazia la dirisha, ni duka au stoo. Na kila mzazi wa Lubumbashi anayejua uzito wa "fournitures scolaires" mwezi wa Septemba akumbuke kwamba "furniture" ni viti, meza na vitanda, wala si madaftari. Ile "garantie" tunayompa "bailleur", yaani mwenye nyumba, kabla ya kuingia, huko inaitwa "deposit", na "bailleur" mwenyewe ni "landlord". Neno hilo ni la Kiingereza tupu, linaishi mkataba mmoja na "tenant" wa Kifaransa.

Yanabaki yale mafupi ya zamani ambayo Kifaransa hakikusaidii nayo: "roof", "floor", "door", "key" (ufunguo), "lock" (kufuli), "stairs" (ngazi). Hayo ndiyo yanayostahili jasho lako. Walimu wengi huyaandika ubaoni yote pamoja siku moja chini ya kichwa "nyumba", na wanafunzi wanatoka wakiita sakafu paa. Si uzembe wao. Mwaka 1993 mtafiti Thomas Tinkham alionesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana, yakifundishwa kwa pamoja, huchelewa kushika kuliko maneno yasiyohusiana, kwa kuwa yanaingiliana kichwani. Afadhali "roof" ujifunze leo pamoja na mvua na bati, na "floor" uiache mpaka wiki ijayo, siku ya kupiga deki.

Na ukifika mbele ya mkataba wa Kitwe, anza kutafuta haya manne: "rent", kiasi cha kulipa, "deposit", pesa za dhamana, "lease", mkataba wenyewe, na "notice", muda wa kuarifu kabla ya kuhama. La mwisho ndilo ambalo Kifaransa kinaliita "préavis", na ukiliruka, unaweza kuhama na kuziacha pesa zako za dhamana nyuma.