Ruzuku za kuhifadhi miswada: yanayosemwa barazani na yaliyomo kwenye masharti

Taja ruzuku ya kuhifadhi miswada ya kale mbele ya wazee wa Lamu, Mombasa au Unguja, na jibu la kwanza huwa hili: "Watakuja, watachukua vitabu, na hatutaviona tena."

Hofu hiyo ina sababu. Karatasi za W. E. Taylor, mmishenari aliyekusanya mashairi ya Mombasa kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, ziko katika chuo cha SOAS, London, mpaka leo. Lakini masharti ya siku hizi ni mengine. Mpango wa EAP (Endangered Archives Programme) wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, unaofadhili upigaji picha wa hati zilizo hatarini, ulioanza 2004 kwa fedha za mfuko wa Arcadia, hauruhusu hati asili kutolewa nje ya nchi yake. Kinachosafiri ni picha, tena seti moja ya picha hizo hukabidhiwa taasisi ya hapo hapo. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha chini ya mpango huo, mradi EAP466, na vyenyewe havikwenda London.

Dhana ya pili naisikia zaidi kwa vijana: "Si kupiga picha tu? Simu yangu inatosha." Hapa ndipo maombi mengi yanapoharibika. Chukua kitabu kimoja cha fiqhi chenye jalada la ngozi. Linapigwa picha jalada, unapigwa mgongo wake, zinapigwa hata kurasa tupu na zile zilizotobolewa na wadudu. Kando ya kitabu huwekwa rula na kadi ya rangi, ili aliye mbali ajue ukubwa wake na wino wake ulivyo. Halafu zipo pambizo. Humo mwanafunzi kaandika maelezo ya mwalimu wake, pengine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na mwanzoni mwa kitabu kuna jina la aliyekiweka wakfu. Mstari huo mmoja wa wakfu unaweza kumfaa mwanahistoria kuliko matini yote, maana matini inapatikana hata Cairo.

Sasa nani atausoma? Anatakiwa mtu anayeujua mwandiko huo, ajaze jina la kitabu, mtunzi, mnakili, mwaka wa Hijria, mmiliki na lugha, kitabu baada ya kitabu. Kamera inamaliza kazi yake upesi. Orodha ndiyo inayokula miezi. Kwa maoni yangu, bajeti inayotenga fedha nyingi kwa kamera kuliko kwa msomaji wa hati imeshakosea njia. Picha elfu kumi zisizo na orodha hazitafutiki.

Wapo wanaoamini kwamba UNESCO ikishasajili hati, fedha hufuata. Hazifuati. Kumbukumbu za Wajerumani zilizoko katika Nyaraka za Taifa za Tanzania zimo kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997, na miswada ya Kiarabu ya Zanzibar tangu 2003. Usajili ni heshima, nayo humsaidia mwombaji kujieleza, lakini hauji na bajeti.

Wengine husema: "Ruzuku ni ya maprofesa." Hapana, kinachohitajika zaidi ni taasisi ya kupokea na kusimamia fedha, na idhini ya maandishi ya mwenye mali. Familia yenye sanduku la vitabu ikishirikiana na makumbusho au maktaba inayoaminika imeshapiga hatua.

Wengine hukimbilia Marekani, kwa NEH, shirika la serikali ya huko linalofadhili taaluma za historia, lugha na utamaduni, kwa kuwa programu yake ya makusanyo imewahi kutoa hadi dola 350,000 kwa mradi mmoja. Mwombaji wake sharti awe taasisi ya Marekani. Na hata huko, Aprili 2025 NEH ilifuta ruzuku zaidi ya elfu moja zilizokwisha kutolewa, watu wakiwa katikati ya kazi. Ukiwa na kaseti za taarabu au magazeti ya miaka ya sitini, mlango unaokufaa ni MEAP (Modern Endangered Archives Program), mpango wa kuhifadhi kumbukumbu za karne za karibuni wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, iliyoanza 2018 na kupokea maombi kutoka nje ya Marekani.

La mwisho: "Ikishapanda mtandaoni, imepona." Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni, makusanyo ya EAP yakiwemo, zikazimika kwa miezi. Wakati kama huo tegemeo ni ile seti iliyoachwa nyumbani, ikiwa bado inafunguka. Diski huchakaa, na joto na chumvi ya pwani haviisaidii. Ruzuku kwa kawaida hulipa hadi siku mradi unapofungwa. Kwa hiyo kabla ya kutia saini, muulize mkuu wa taasisi yako: mwaka wa sita, nani atanunua diski mpya?