Chipu haina shida, shida iko majini: dhana potofu kuhusu vihisi vya semikondakta

Vijana wa uhandisi jijini Nairobi wakianza kuzungumzia vifaa vya kupima magonjwa, gumzo huishia kwenye chipu: laiti tungekuwa na chipu bora, laiti ingekuwa ndogo zaidi. Mimi naona lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Transista, swichi ndogo ya umeme inayounda chipu, ni kifaa kilichokomaa zamani. Kinachosumbua ni kile kinachomwagwa juu yake: damu, mkojo, mate, maji ya mto, vyote vikiwa na vitu ambavyo havikualikwa, kama chumvi na protini.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1970 Mholanzi Piet Bergveld alichukua transista, akaondoa lango lake la chuma, yaani sehemu inayodhibiti mkondo, na kuacha kimiminika kiguse oksidi, tabaka jembamba lisilopitisha umeme, iliyo chini. Chaji zikitua juu ya oksidi hiyo, mkondo unaopita ndani ya silikoni hubadilika. Pachika hapo kingamwili, au uzi mfupi wa DNA unaoshika kitu kimoja tu, na kwenye karatasi tayari una kihisi cha ugonjwa.

"Transista ikiwa ndogo zaidi, itagundua hata kiasi kidogo zaidi"

Dhana hii ina mzizi wa kweli. Mwaka 2001 kundi la Charles Lieber wa Harvard lilionyesha nyaya za silikoni, nyembamba za kupimwa kwa nanomita, zikihisi protini ndani ya maji. Tangu hapo wengi wakaamini kuwa kazi iliyobaki ni kupunguza ukubwa tu.

Lakini waya mwembamba huhisi vizuri kile ambacho kimekwisha kuufikia, na kukifikisha ndiko kwenye kazi. Katika kimiminika kilichotulia molekuli hutangatanga ovyo, na kihisi kidogo ni vigumu kukigonga. Mwaka 2005 watafiti Sheehan na Whitman walipiga hesabu: ukiwa tayari kusubiri dakika kadhaa tu, kihisi cha ukubwa wa nano hukwama karibu na kiwango cha pikomola, kipimo cha wingi wa molekuli ndani ya kimiminika. Ukitaka femtomola, ambayo ni ndogo mara 1,000, jiandae kusubiri saa nyingi, hata siku. Femtomola 1 ni kama molekuli 600 ndani ya mikrolita nzima. Na transista ikipungua eneo, kelele zake za umeme za masafa ya chini huongezeka.

Njia inayolipa haivutii kwenye picha. Punje za sumaku zilizovikwa kingamwili huchanganywa na mililita nzima ya sampuli, sumaku huzikusanya, kisha mzigo huo hushushwa kwenye ujazo mdogo juu ya chipu. Chipu imebaki ileile. Shabaha, yaani molekuli tunazotafuta, ndizo zimeletwa mlangoni.

"Protini ikinaswa, mkondo lazima ubadilike"

Hapa ndipo pagumu kuliko kote. Damu ina chumvi nyingi, na kila chaji iliyomo huzungukwa mara moja na ioni, chembe za chumvi zenye chaji, za chaji kinyume. Ukiwa katikati ya msongamano wa soko la Gikomba siku ya mtumba mpya, mtu wako anaweza kuwa hatua chache tu mbele na usimwone. Ndivyo transista inavyoikosa protini. Umbali ambao chaji bado inaonekana huitwa urefu wa Debye, na ndani ya damu haufiki nanomita 1. Kingamwili kamili ina urefu wa nanomita 10 hivi. Kwa hiyo shabaha hunaswa mahali ambapo transista haioni kitu.

Jibu la haraka ni kuzimua sampuli. Ukiizimua mara 100, urefu wa Debye huongezeka mara 10 tu, huku shabaha zikipungua mara 100. Biashara mbaya hiyo. Afadhali kuacha protini inaswe ndani ya sampuli halisi, kisha usafishe na upime ndani ya maji yenye chumvi kidogo. Wengine hukata kingamwili na kubakiza kipande kinachoshika, au hutumia aptama, nyuzi fupi za DNA. Mwaka 2018 watafiti wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, na wenzao walionyesha aptama zinazojikunja zinapoishika shabaha yao, zikasogeza chaji zao wenyewe karibu na transista au mbali nayo, hata kwenye kimiminika chenye chumvi kama ya mwili. Kwa hiyo waliweza kupima serotonini, kemikali ya ubongo ambayo chaji yake ni ndogo mno. Mimi naipa njia hii alama nyingi kuliko waya wowote mwembamba.

"Mstari ukiruka kwenye skrini, tumepata"

Jaribu hivi kwanza. Chukua kihisi kilichotulia, weka juu yake tone la maji ya chumvi matupu, yasiyo na shabaha yoyote. Mara nyingi mstari utaruka vilevile, kisha uteremke polepole kwa muda mrefu. Tone lilikuwa baridi kuliko kifaa, hasa asubuhi za Julai. pH yake, yaani kipimo cha uasidi, ilikuwa tofauti kidogo. Ioni zinapenya taratibu ndani ya oksidi. Chunguza pia gundi ya epoksi inayofunika nyaya. Ukiona ukoko mweupe wa chumvi pembeni baada ya kukauka, maji yamepenya na unapima uvujaji.

Badiliko la pH la 1 huleta hadi milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Badiliko la 0.1 tu linaweza kukupa karibu milivolti 6, na protini iliyonaswa mara nyingi haileti zaidi ya hapo. Halafu kuna wageni wasioalikwa: lita moja ya plazima, majimaji ya damu, ina gramu 35 hadi 50 za protini ya albumini, wakati kipimo kimoja cha troponini, protini inayoashiria moyo kuumia, kinachotumika sana huanza kutia shaka kwenye nanogramu 14 kwa lita. Hizo ni takriban bilioni 3 kwa moja. Matokeo yasiyo na kihisi jirani chenye kingamwili ya kitu kingine, kwenye chipu ileile na sampuli ileile, mimi siyasomi.

"Tone moja la damu linatosha"

Kwa sukari, ndiyo. Glukosi ni milimola 5 hivi kwa lita, yaani mara trilioni 5 ya femtomola 1, na glukomita hutumia kimeng'enya na elektrodi, si transista. Lakini mtu mzima mwenye bakteria kwenye damu anaweza kuwa na bakteria 1 tu kwa mililita. Chukua matone ya mikrolita 50: kwa wastani, 19 kati ya 20 hayana kitu. Hakuna kihisi kitakachokiona kisichokuwepo, na ndiyo sababu hospitali huvuta mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa ya kuotesha bakteria.

"Bila kiwanda cha chipu hatuwezi kuanza"

Kiwanda cha semikondakta kipo Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ila huhitaji kukisubiri. Kuna mbinu ya lango lililorefushwa: transista ya kawaida, ya aina unayopata kwenye maduka ya vipuri Luthuli Avenue, hubaki kavu kwenye bodi, na waya huiunganisha na kibamba cha dhahabu kilichobeba kingamwili. Kibamba tu ndicho huguswa na sampuli, kisha hutupwa. Unahitaji pia elektrodi rejea, inayoshikilia volti ya kimiminika isiyumbe. Waya wa fedha uliolowekwa kwenye Jik, dawa ya kung'arisha nguo, hadi uwe mweusi-kijivu unatosha kuanzia. Gharama hubaki kwenye kingamwili, ambazo nyingi huagizwa nje na zinataka friji isiyokatikiwa na stima.