Access ya dukani kwenda mtandaoni: dhana potofu na ukweli

Biashara nyingi ndogo zimeendesha stoo na madeni kwa miaka na Microsoft Access, programu ya kutunza data kwenye kompyuta iliyotoka 1992. Tawi la pili likifunguliwa, nalo likataka kuona data ileile, ndipo maneno haya yanaposikika.

"Tulipandishe tu lile faili mtandaoni."
Dhana hii ndiyo inayoumiza zaidi. Access haina seva, yaani programu moja inayopokea maombi ya wote na kuilinda data: kila kompyuta hulifungua faili lenyewe na kuandika moja kwa moja ndani yake. Kwa waya wa ofisini, inakwenda vizuri. Kupitia intaneti, laini ikikatika mtu akiwa anahifadhi ankara, faili linaweza kuharibika. Google Drive nayo haisaidii. Wawili wakiandika kwa pamoja, mnabaki na nakala mbili zisizopatana. Kinachotakiwa kuhama ni data, iende kwenye seva ya data kama PostgreSQL, MySQL au SQL Server.

"Fomu na ripoti zitafuata zenyewe."
Hazifuati. Majedwali yana zana za kuyahamisha, ila fomu, ripoti na msimbo wa VBA (lugha ya kuandikia maagizo ndani ya Access) huandikwa upya. Microsoft wenyewe walitoa programu za Access za kwenye SharePoint, mfumo wao wa kazi za ofisi mtandaoni. Mwaka 2018 walizifunga.

"Data ikishaingia, tumemaliza."
Hapo ndipo kazi inapoanza. Duka moja la vipuri nililohudumia, mteja mmoja alikuwa ameandikwa mara tatu: kwa herufi kubwa, kwa kifupi, na kwa nafasi mbili katikati ya jina. Kompyuta ikamhesabu watu watatu, deni lake likagawanyika. Tulikaa na mama mhasibu siku nne, daftari lake mkononi, tukipitia jina kwa jina. Halafu kuna hili: "ndiyo" ya Access huhifadhiwa kama -1, ya SQL Server ni 1. Ripoti yetu ilitafuta -1, ikaonyesha hakuna aliyelipa hata mmoja! Mama yule ndiye aliyeligundua, kabla wateja hawajapigiwa simu za madeni.

"Lazima tuhame siku moja."
Si lazima, na mimi sishauri. Majedwali yatangulie kwenye seva, Access ibaki ofisini ikiyasoma kupitia ODBC, kiunganishi kinachoiwezesha programu kusoma data iliyo kwenye seva. Kurasa za wavuti zijengwe moja moja, kwa kuanza na ile ambayo tawi linaihitaji kila saa: kuangalia kilichobaki stoo.