Kifuta jasho si fidia

Miaka niliyokuwa bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, upande wa Bunda, magharibi mwa Serengeti, neno lililonigombanisha na wakulima ni fidia. Ukilitamka tu, mtu anaanza kuhesabu magunia. Kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, serikali inatoa kifuta jasho; kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, kifuta machozi. Ni mkono wa pole, haukukusudiwa kurudisha kilicholiwa.

Kanuni za 2011 zilipanga malipo kwa umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi. Ndani ya mita 500 ulikuwa hupati kitu. Ukivuka hapo hadi kilomita moja, ilikuwa shilingi 25,000 kwa ekari. Zaidi ya kilomita tano, 100,000. Tena mwisho ulikuwa ekari tano, hata ziwe zimeliwa ishirini. Kwa hiyo aliyelala na tembo mlangoni ndiye aliyeambulia kidogo. Hoja ilikuwa kwamba watu wasivutiwe kulima mpakani, na ina mantiki, lakini nenda ukamweleze mzee aliyezaliwa palepale.

Halafu malipo yalikuwa kwa uharibifu wa wanyama wakali walioorodheshwa tu, tembo na kiboko wakiwemo. Nyani na nguruwe pori, ambao nimewaona wakimaliza shamba kidogokidogo msimu mzima, hawakuwemo.

Kupima ndiko kwenye kazi. Tembo hali kwa mstari. Anavunja hapa, anaruka pale, na anachokanyaga kinazidi anachokula. Tunapima kwa miguu, hatua 70 kwa 70 ni ekari, vipande tunajumlisha. Naangalia nyayo, kinyesi chenye punje nzima za mahindi, mabua yaliyong'oka na mizizi yake. Bua lililopigwa panga halifichiki, na wapo waliojaribu.

Ndiyo maana nilikuwa nawasihi: msiguse shamba mpaka nifike. Mama mmoja alikuja kuripoti siku ya nne. Tulipofika, shamba jeupe.

"Mama, mabua yako wapi?"

"Mwanangu, ng'ombe nao walikuwa na njaa."

Zilibaki nyayo chache kando ya mfereji na kichaka cha mabua pembeni, ambacho ng'ombe hawakukifikia. Nilijikaza nikaandika robo ekari. Shamba lilikuwa kati ya mita 500 na kilomita moja kutoka mpakani, kwa hiyo shilingi 6,250, na fomu ilikuwa bado haijaanza safari ya kijiji, kata, wilaya hadi wizarani.