Kikomo katika kalkulasi, na kama Newton alikuwa na haki ya kuitumia bila hicho

Kikomo ni thamani ambayo hesabu huisogelea kadiri kiasi fulani kinavyopunguzwa, hata kama haiifikii. Kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko ambayo Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilitumika zaidi ya miaka 100 kabla dhana hii haijafafanuliwa barabara, ndipo likazuka swali: je, kanuni za fizikia zilijengwa juu ya hoja mbovu?

Chukua jiwe linaloanguka pasipo upinzani wa hewa. Baada ya sekunde t limeshuka mita 4.9t². Ili kupata mwendokasi wake sekunde ya 2 inapotimia, ongeza muda mdogo h. Katika muda huo linashuka 4.9(2+h)² − 4.9(2)², yaani 19.6h + 4.9h². Gawanya kwa h upate 19.6 + 4.9h. Hapo wataalamu wa mwanzo waliifuta 4.9h na kubaki na mita 19.6 kwa sekunde. Jibu ni sahihi, ila mwaka 1734 mwanafalsafa George Berkeley wa Ireland aliuliza: h ikiwa sifuri, mmegawanyaje? Isipokuwa sifuri, mmeifutaje? Pingamizi lake lilikuwa la haki kabisa.

Kwa kikomo, h haiwi sifuri kamwe. Ukitaka jibu lisipishane na 19.6 kwa zaidi ya 0.01, chagua h isiyozidi 0.002, maana 4.9 × 0.002 ni 0.0098. Ukibanwa zaidi, punguza h zaidi. Kila kiwango cha kosa kina h yake. Mwanahisabati Mfaransa Cauchy alilishika wazo hili mwaka 1821, Mjerumani Weierstrass akalikaza. Newton naye alikuwa amelikaribia mwaka 1687 alipozungumzia uwiano wa mwisho wa viasi vinavyotoweka.

Lakini hisabati peke yake haithibitishi kanuni ya fizikia. Inasema tu kwamba mvuto ukipungua kwa kipeo cha pili cha umbali, basi njia ya sayari itakuwa hivi. Kama ndivyo ilivyo, huulizwa darubini. Mwanahisabati Mfaransa Clairaut alikokotoa kuwa nyotamkia ya Halley ingefika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759. Ilifika tarehe 13 Machi. Kupishana mwezi mmoja katika safari ya takriban miaka 76 kulitokana na makadirio ya mvuto wa sayari za Mshtarii na Zohali, wala si kwa kufuta h.

Pengo la ufafanuzi wa kikomo liliumiza kwingine: kwenye mifululizo isiyo na mwisho, yaani jumla za vipande visivyokoma, ile iliyohitajika kueleza joto na mitetemo. Cauchy mwenyewe aliandika kuwa jumla ya funksheni zisizokatika (zisizoruka ghafla popote), ikiwa na kikomo, nayo haikatiki. Mwaka 1826 mwanahisabati wa Norwe, Abel, akaonyesha mfululizo unaokwenda kinyume: sin x − ½ sin 2x + ⅓ sin 3x na kuendelea: jumla yake ni x/2 kati ya −π na π, kisha inaruka ghafla. Ukitafuta mteremko wa kila kipande kimoja kimoja utapata cos x − cos 2x + cos 3x, mfululizo usiotulia popote, ilhali mteremko halisi ni ½. Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha mfululizo wa miteremko unakaribia kikomo chake kwa usawa katika eneo lote, si katika nukta moja moja tu.